Manowari za mataifa makubwa katika bahari za mbali: ni ulinzi wa njia za meli au ni ubabe kwa nchi ndogo?

Wanajukwaa, salaam.

Kila mara meli ya kubeba ndege za kivita inapotia nanga karibu na pwani ya nchi iliyo katika mzozo na taifa kubwa, mjadala hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema kwamba manowari yoyote iliyo mbali na kwao ni ubeberu mtupu, na wapo wanaojibu kwamba bila manowari hizo njia za bahari zingefungwa na kila mtu angeumia. Nimezifuatilia hoja hizi kwa muda mrefu, na naona pande zote mbili zinalikwepa swali ambalo lingetusaidia kutenganisha ulinzi na uonevu. Swali hilo ni hili: nchi ndogo ikimwambia mwenye manowari kwamba haimtaki, ni nini kinachofuata? Ninashikilia kwamba jibu la swali hilo ndilo kipimo, na kwamba kwa kipimo hicho hakuna taifa kubwa hata moja lisilo na la kujibu.

Tuanze na ukubwa wa jambo lenyewe. Marekani ina meli 11 za kubeba ndege, zote zikiendeshwa kwa nguvu za nyuklia, na vikosi vyake vya majini vimetapakaa duniani: Kikosi cha Tano kina makao yake Bahrain, cha Sita kiko Naples nchini Italia, na cha Saba kiko Yokosuka nchini Japani. Hakuna taifa jingine lenye mtandao wa namna hiyo, ingawa China imeshaipita Marekani kwa idadi ya meli za kivita na tangu mwaka 2017 ina kambi yake huko Djibouti. Meli moja tu ya kubeba ndege hubeba nguvu ya anga ambayo nchi nyingi ndogo hazina hata nusu yake. Kwa hiyo haihitaji kufyatua kombora ili ujumbe wake ufike. Serikali inayojadili madeni, mafuta au mipaka huku ikijua kwamba meli hiyo iko mwendo wa saa chache kutoka bandari yake, haijadili ikiwa na uhuru uleule ilio nao mwenzake aliyeketi upande wa pili wa meza.

Historia ndiyo inayozifanya nchi ndogo zisiamini kirahisi maelezo ya kwamba meli zimekuja kwa nia njema. Mwezi Julai 1825 Ufaransa ilituma Haiti kikosi cha manowari 14 chini ya Baron de Mackau, akiwa na hati ya Mfalme Charles X iliyotaka Haiti ilipe faranga milioni 150 kuwafidia waliokuwa wamiliki wa mashamba na watumwa, ndipo Ufaransa iutambue uhuru wake. Rais Jean-Pierre Boyer alikubali. Watu waliojikomboa wenyewe kutoka utumwani wakatakiwa kuwalipa waliokuwa wamewamiliki, na kwa kuwa hazina yao haikuwa na fedha hizo, wakakopa kutoka mabenki ya Paris ili wailipe Paris. Mwaka 1838 salio la deni hilo lilipunguzwa, lakini malipo na mikopo iliyozaliwa nayo iliendelea kuibana Haiti hadi ndani ya karne ya 20. Katika tukio lile mizinga haikufyatuliwa. Mimi naliona kuwa mfano mzito kuliko vita vingi vya majini, kwa sababu linaonyesha kwamba madhara makubwa kabisa ya manowari yanaweza kupatikana bila mtu kujeruhiwa siku hiyo, na kisha yakalipwa na wajukuu.

Mifano mingine inafahamika zaidi. Mkataba wa Nanjing, ambao kwa huo China iliikabidhi Uingereza kisiwa cha Hong Kong, ulitiwa saini tarehe 29 Agosti 1842 ndani ya manowari ya Kiingereza iitwayo Cornwallis. Mwaka 1853 Kamodoo Matthew Perry wa Marekani aliingia katika ghuba ya Edo na meli nne, akarudi mwaka uliofuata na nyingi zaidi, na Japani ikafungua bandari zake. Huko Zanzibar, Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki tarehe 25 Agosti 1896 na Khalid bin Barghash akaingia katika kasri bila idhini ya Waingereza, manowari tano zilijipanga mbele ya kasri na Khalid akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ameondoka. Muda ulipokwisha mizinga ikaanza. Haikupita saa moja kasri lilikuwa linaungua, meli ya Sultani iitwayo Glasgow imezama, watu wapatao 500 wameuawa au kujeruhiwa, na siku hiyohiyo Hamoud bin Mohammed akatawazwa kwa ridhaa ya Uingereza. Kosa la Khalid machoni mwa wenye meli lilikuwa kwamba hakuomba ruhusa kwao ya kurithi kiti katika nchi yake mwenyewe.

Baadhi ya wachangiaji watasema kwamba hayo ni ya kale, na kwamba leo kuna sheria. Ni kweli sheria ipo, na ni nzuri kuliko watu wengi wanavyodhani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari, uliosainiwa Montego Bay nchini Jamaica mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 1994, unaipa kila nchi ya pwani mamlaka juu ya maji ya kitaifa hadi maili 12 za baharini, na haki juu ya samaki, mafuta na gesi katika ukanda wa kiuchumi unaofika maili 200. Ndani ya zile maili 12 meli za nchi nyingine zina haki ya kupita bila kudhuru, yaani kupita mfululizo bila mazoezi ya silaha, bila ujasusi na bila vitisho. Nje ya hapo uhuru wa kusafiri ni mpana. Kwa hiyo manowari inayopita maili 30 kutoka pwani yangu haijavunja sheria kwa kupita tu, hata kama siipendi, na anayedai kwamba kila meli ya namna hiyo ni uvamizi anadai jambo ambalo nchi ndogo zenyewe hazikulidai zilipousaini mkataba huo.

Ugumu uko katika mambo mawili. La kwanza ni kwamba Marekani, ambayo tangu mwaka 1979 imekuwa na mpango rasmi wa kutuma meli kupinga madai ya bahari inayoyaona yamezidi kiasi, haijauridhia mkataba huo mpaka leo. Inasema inafuata sehemu kubwa ya kanuni zake kama desturi ya kimataifa, lakini inajiweka nje ya taratibu za usuluhishi zinazowabana wanachama. La pili ni kwamba tafsiri yenyewe inabishaniwa. India, Brazil na Malaysia, kwa mfano, zinashikilia kwamba mazoezi ya kijeshi katika ukanda wa kiuchumi yanahitaji idhini ya nchi ya pwani. Mwezi Aprili 2021 manowari ya Marekani iitwayo John Paul Jones ilipita karibu na visiwa vya Lakshadweep ndani ya ukanda wa India, na Kikosi cha Saba kikatangaza hadharani kwamba hakikuomba idhini. India ni rafiki wa Marekani na ina silaha za nyuklia, kwa hiyo ililalamika na jambo likaishia hapo. Nchi isiyo na uzito huo ingelalamika kwa nani?

Kuna hukumu moja ambayo natamani kila mchangiaji wa mada hii angeisoma, nayo ni ya mlango wa bahari wa Corfu, kesi ya kwanza ya mabishano kuamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Haki. Tarehe 22 Oktoba 1946 manowari za Uingereza zilipita kati ya kisiwa cha Corfu na pwani ya Albania, miezi michache baada ya mizinga ya Albania kuzifyatulia meli nyingine za Uingereza mahali hapohapo. Mbili kati yake ziligonga mabomu yaliyotegwa majini na mabaharia 44 wakafa. Mwezi uliofuata Uingereza ilirudi na kikosi kikubwa, ikafagia mabomu ndani ya maji ya Albania bila ruhusa ya Albania, ikisema inakusanya ushahidi.

Mahakama, katika hukumu ya Aprili 1949, ilikataa kumpa mmoja ushindi wote. Ilisema meli za Uingereza zilikuwa na haki ya kupita mwezi Oktoba, kwa kuwa huo ni mlango wa bahari unaotumiwa na safari za kimataifa, na kwamba Albania iliwajibika kwa vifo vile kwa sababu haikutoa onyo kuhusu mabomu ambayo haikuwezekana isijue kuwepo kwake. Lakini kuhusu tukio la Novemba, majaji wote walikubaliana kwamba Uingereza iliivunjia Albania mamlaka yake. Walieleza kwamba haki ya kuingilia kati kwa nguvu, kama ingekubaliwa, ingekuwa kwa asili yake haki ya mataifa yenye nguvu peke yao. Hapo ndipo mstari ulipo: kupita ni haki ya wote, lakini kuingia na kujichukulia hatua ni jambo ambalo Albania isingeweza kuwafanyia Waingereza katika maji ya Dover, na kwa hiyo haliwezi kuitwa haki.

Sasa turudi kwenye kipimo nilichokitaja, yaani kinachofuata baada ya nchi ndogo kukataa. Mwaka 1985 New Zealand, chini ya Waziri Mkuu David Lange, iliikatalia manowari ya Marekani iitwayo Buchanan kuingia bandarini, kwa sababu Marekani haikuwa tayari kusema kama meli zake zina silaha za nyuklia au hazina. Marekani ilikasirika, na mwaka uliofuata ikasimamisha wajibu wake wa kuilinda New Zealand chini ya mkataba wao wa ulinzi wa pamoja. Hata hivyo hakuna bandari iliyozingirwa. Mwaka 1987 New Zealand ikaifanya marufuku hiyo kuwa sheria, na sheria ingalipo. Ufilipino nayo, tarehe 16 Septemba 1991, Seneti yake ilipiga kura 12 dhidi ya 11 kuukataa mkataba mpya wa kambi ya Subic Bay, ambayo ilikuwa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za Marekani nje ya nchi yake, na hiyo ilikuwa kinyume na alivyotaka Rais Corazon Aquino. Marekani ilifungasha na kuondoka mwezi Novemba 1992. Mifano hii miwili naiweka wazi kwa sababu wanaoipinga Marekani huisahau, na haki inatutaka tuitaje.

Ufilipino ina sura ya pili. Mapema mwaka 1995, muda mfupi baada ya Wamarekani kuondoka, China ilionekana imejenga vibanda juu ya mwamba wa Mischief, ambao uko ndani ya ukanda wa kiuchumi wa Ufilipino. Mwaka 2012 ikadhibiti eneo la Scarborough. Ufilipino ilifanya kile tunachoziambia nchi ndogo zifanye siku zote, ikaenda kwa wasuluhishi, na tarehe 12 Julai 2016 ikashinda: madai ya China ya haki za kihistoria ndani ya mstari wake wa vipande tisa, yaani mstari inaouchora kwenye ramani kuzunguka sehemu kubwa ya Bahari ya Kusini ya China, hayana msingi katika sheria. China iliukataa uamuzi huo, na hadi miaka ya karibuni meli zake za ulinzi wa pwani zimekuwa zikiyamwagia maji kwa mizinga ya maji maboti yanayopeleka chakula kwa wanajeshi wachache wa Ufilipino wanaoishi ndani ya meli kuukuu iitwayo Sierra Madre, iliyopandishwa mwambani mwaka 1999. Ndiyo maana Manila imeialika tena Marekani, kwa makubaliano ya mwaka 2014 yaliyopanuliwa mwaka 2023. Ukiliangalia hili kwa makini utaona kwamba uwepo uleule uliokuwa mzigo mwaka 1991 umeombwa na nchi ileile, kwa hiari yake, kwa sababu ya jirani mwenye ubabe zaidi. Sioni namna ya kuuita mwaliko huo uonevu, ijapokuwa naona wazi kwamba ni uchaguzi wa mtu aliyebanwa.

Lakini kuna watu ambao hawakupata hata nafasi ya kukataa, nao ni wenyeji wa visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi. Mwezi Septemba 1965, viongozi wa Mauritius walipokuwa London kujadili uhuru, Seewoosagur Ramgoolam alikutana na Waziri Mkuu Harold Wilson, ambaye wasaidizi wake walikuwa wamemwandikia ushauri kwamba amtie mgeni wake hofu iliyochanganyika na matumaini: matumaini ya kupata uhuru, na hofu ya kuukosa asipokuwa mwelewa kuhusu visiwa. Tarehe 8 Novemba 1965 Uingereza ilivitenga visiwa hivyo na Mauritius ili Marekani ipate mahali pa kambi yake ya majini na anga, Diego Garcia. Kati ya mwaka 1967 na 1973 wakazi wote waliondolewa. Waliokuwa wamesafiri Mauritius kwa matibabu waliambiwa hakuna meli ya kuwarudisha, shehena za chakula zikapunguzwa, mbwa wao wakakusanywa na kuuawa kwa moshi wa magari, na waliobaki wakapakiwa katika meli na kushushwa Mauritius na Ushelisheli.

Hakuna njia ya meli iliyokuwa ikilindwa dhidi ya watu wale. Hawakuwa na silaha wala mgogoro na yeyote. Kosa lao lilikuwa kuishi mahali ambapo wanamkakati waliona panafaa. Iliichukua Mauritius zaidi ya nusu karne kupata maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ambayo tarehe 25 Februari 2019 ilisema kwa sauti 13 dhidi ya moja kwamba Uingereza ina wajibu wa kukomesha utawala wake visiwani haraka iwezekanavyo. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaunga mkono kwa kura 116 dhidi ya sita. Hata katika mkataba uliosainiwa tarehe 22 Mei 2025, unaokubali mamlaka ya Mauritius, Diego Garcia inabaki mikononi mwa wenye kambi kwa miaka 99, na Wachagosi wengi wanalalamika kwamba walizungumziwa bila kuzungumza. Anayetaka kunishawishi kwamba manowari za ugenini hazina uonevu aanzie hapa.

Kuhusu Nicaragua nitasema kwa ufupi. Mapema mwaka 1984 Marekani ilitegesha mabomu katika bandari za nchi hiyo ndogo. Nicaragua ikashtaki, Marekani ikajitoa katika kesi, Mahakama ikaihukumu tarehe 27 Juni 1986, na azimio la kuitaka iheshimu hukumu likazimwa kwa kura ya turufu katika Baraza la Usalama. China ya mwaka 2016 haikubuni jambo jipya ilipoikataa hukumu. Urusi nayo haiko nje ya orodha: mwaka 2018 ilizikamata meli tatu za Ukraine na mabaharia 24 karibu na mlango wa Kerch, na mwaka 2022 ilipozifunga bandari za Bahari Nyeusi, nafaka ilikwama na nchi zilizo mbali kabisa na vita hivyo zikaathirika kwa bei ya ngano.

Faida za vikosi hivi sizikani. Biashara ya bidhaa duniani, zaidi ya asilimia 80 kwa ujazo, hupita baharini, na nchi ndogo zinaitegemea kuliko kubwa. Baada ya tsunami ya Desemba 2004, helikopta za meli ya Abraham Lincoln zilifikisha chakula na maji Aceh, mahali ambapo barabara zilikuwa zimesombwa. Mwaka 2008, maharamia walipozidi katika pwani ya Somalia, manowari za mataifa mengi, zikiwemo za China, ziliingia kwa maazimio ya Baraza la Usalama na kwa ridhaa ya serikali ya mpito ya Somalia, zikasindikiza meli za Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Ridhaa ilikuwepo, kazi ilitajwa, muda uliwekewa mipaka na kuhuishwa kwa azimio. Huo ndio mpangilio ninaouona wa haki, na tofauti yake na Chagos haiko katika aina ya meli wala katika bendera.

Kwa sababu hiyo nashauri nchi ndogo zisijifungie katika kaulimbiu za kupinga au kushangilia, bali ziangalie vifungu. Djibouti, yenye watu milioni moja hivi, imezikodisha ardhi Marekani, China, Ufaransa, Japani na Italia, na kwa kuwaweka wote pamoja imejipa nafasi ya kutomtegemea mmoja. Mkataba wa kambi uwe na muda unaojulikana, upelekwe bungeni kama ulivyopelekwa katika Seneti ya Ufilipino, uruhusu kuvunjwa kwa taarifa, na useme ni mahakama ipi itakayomhukumu askari mgeni akimdhuru raia. Mwaka 1902, manowari za Uingereza, Ujerumani na Italia zilipoizingira Venezuela kwa sababu ya madeni, waziri wa Argentina Luis María Drago alisimama na kusema kwamba deni la umma haliwezi kudaiwa kwa mizinga. Alikuwa wa nchi isiyo na jeshi la kutisha, lakini mwaka 1907 huko The Hague hoja yake iliingia katika mkataba wa kimataifa, japo kwa masharti. Kazi ya namna hiyo huchosha, na huchukua miaka, na bado naiona ina matunda zaidi kuliko maandamano mbele ya ubalozi.

Nakaribisha hoja kinzani. Wanaotetea uwepo wa manowari hizi, naomba walijibu suala la Chagos bila kukimbilia habari za maharamia. Na wanaotaka ziondoke zote kesho, naomba wanieleze ni nani angezisindikiza zile meli za chakula mwaka 2008, na ni nani angesimama nyuma ya Wafilipino wanaowapelekea wenzao walioko Sierra Madre maji ya kunywa.